Makofi Hayalipi Kodi ya Nyumba

Ipo kauli iliyoota mizizi Nairobi miongoni mwa wafadhili, wanahabari, walimu wa sanaa na hata wazazi: mtoto mwenye kipaji cha baleti hapungukiwi na kitu ila mlezi. Apate mtu mzima mmoja wa kumwamini, wa kumkemea akilegea na kumbembeleza akikata tamaa, na mengine yatajipa. Ufadhili utakuja, jukwaa litakuja, London itafungua mlango. Ukiuliza swali la pili unaambiwa una kijicho. Ukiuliza la tatu unaambiwa hupendi mtoto wa mtaa wa mabanda ainuke.

Wanaoishikilia kauli hii si wajinga, na mashahidi wanao. Wanaanzia Kibera, katika shule ya Spurgeons, ambako mwalimu Mike Wamaya aliwafundisha watoto baleti darasani: madawati yanatolewa nje, watoto wanavua viatu, wanajipanga. Picha za darasa hilo, hasa zile za Mswidi Fredrik Lerneryd, zilizunguka dunia nzima. Kisha wanamtaja Joel Kioko, kijana wa mtaa wa Kuwinda, aliyefunzwa na Mmarekani Cooper Rust wa Dance Centre Kenya na baadaye akapata nafasi katika shule ya English National Ballet mjini London. Wanavuka hadi Lagos kwa Anthony Madu, mvulana aliyecheza peku kwenye mvua mwaka 2020 na video yake ikaonwa kila mahali. Wanamalizia na vigogo: Misty Copeland, ambaye mwaka 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupandishwa kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre, na Carlos Acosta, mtoto wa dereva wa lori wa Havana ambaye tangu 2020 anaongoza Birmingham Royal Ballet. Wote hao, wanasema, walikuwa na mtu.

Hoja yao ikipangwa vizuri inakwenda hivi. Baleti hairithiwi damuni wala hainunuliwi dukani. Hupitishwa mwili kwa mwili, kwa mkono unaosahihisha bega na jicho linaloona kisigino kilichoinuka kabla ya wakati. Kwa hiyo mwalimu ndiye mlango. Mtoto wa tajiri huonyeshwa mlango huo akiwa na miaka mitatu au minne. Wa maskini haujui mpaka atokee mtu wa kumshika mkono. Hapo nakubaliana nao bila ubishi.

Ninachokikataa ni hatua inayofuata, ile wanayoiruka bila kuitazama: kwamba kumwonyesha mtoto mlango ni sawa na kumpa riziki, na kwamba moyo wa mtu mmoja unaweza kuziba pengo la shule, sakafu, daktari, mkataba na mshahara. Kauli hii inapendwa kwa sababu inamwondolea kila mtu mzigo. Mfadhili anamlipia mtu mmoja, mwanahabari anaandika juu ya mtu mmoja, na serikali haiulizwi kitu.

Kwanza: mashahidi wao wanatusaidia sisi

Tumchukue Acosta. Baba yake alimpeleka shule ya baleti ili amtoe mitaani, na kwa sababu huko kulikuwa na chakula cha mchana cha bure. Mtoto mwenyewe hakutaka. Alitaka kuwa mwanasoka. Akatoroka vipindi, akafukuzwa, akahamishiwa shule ya Pinar del Río. Hebu mfikirie mtoto huyo akiwa Nairobi, katika mradi unaoendeshwa kwa ufadhili wa mwaka mmoja mmoja. Nafasi yake ingekwenda kwa mwenzake “mwenye shukrani” kabla muhula haujaisha. Kuba haikumtupa kwa sababu shule ilikuwa mali ya taifa: ada hakuna, bweni lipo, chakula kipo, walimu wana mishahara, na mwisho wa njia ipo kampuni ya taifa yenye ajira, iliyojengwa na Alicia na Fernando Alonso na kubebwa na serikali baada ya mapinduzi ya 1959. Acosta alipochukua dhahabu ya Prix de Lausanne mwaka 1990, alikuwa na mwalimu hodari, Ramona de Saá, aliyempeleka Italia. Lakini mwalimu huyo alikuwa mtumishi ndani ya mfumo unaolipa. Ukimwondoa kwenye mfumo huo, ukampa chumba cha kukodi na mtoto mmoja mtukutu, unabaki na nini?

Copeland naye anasimuliwa nusu nusu. Alianza akiwa na miaka 13, umri ambao wenzake wameshakomaa kwenye mazoezi, akiishi motelini na mama yake na ndugu zake. Mwalimu wake, Cynthia Bradley, alimchukua akaishi nyumbani kwake. Kufikia hapo hadithi ni tamu. Mwaka 1998 ilifika mahakamani: mama anamtaka mwanawe, mwalimu anaamini yeye ndiye aliyemwokoa, na binti wa miaka 15 anaomba sheria imtoe chini ya mamlaka ya mzazi wake. Ombi lilifutwa, binti akarudi kwa mama. Sisemi nani alikuwa na haki. Nasema hiyo ndiyo sura ambayo walezi wetu hawaisomi: mtu anapompa mtoto chakula, malazi, ndoto na njia ya kutokea, anapata mamlaka ambayo hakuna aliyempigia kura, na mzazi maskini hana nguvu ya kumhoji. Nani katika miradi yetu ameandika wapi mwisho wa mamlaka hayo?

Halafu tazama kilichomjenga Copeland baada ya hapo. Aliingia kundi la nyuma la American Ballet Theatre mwaka 2001, akapandishwa daraja 2007, akawa mchezaji mkuu 2015. Miaka 14. Katika miaka hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mkataba katika kampuni ambayo wachezaji wake wana chama cha wafanyakazi. Alikuwa pia na washauri wa maana, kama Raven Wilkinson, mwanamke mweusi aliyecheza na Ballet Russe de Monte Carlo katika miaka ya 1950 na hatimaye akalazimika kuhamia Uholanzi ili aendelee kucheza. Lakini ushauri wa Wilkinson ulimkuta mtu ambaye tayari ana mshahara. Hilo halimo kwenye mabango.

Na Madu? Mwalimu wake, Daniel Ajala Owoseni, alianzisha shule ya bure huko Ajangbadi mwaka 2017. Ufadhili wa American Ballet Theatre, na baadaye nafasi katika shule ya Elmhurst huko Birmingham, vilikuja baada ya video ya simu kusambaa. Hiyo ni bahati, na bahati haifundishwi. Itazameni tena video ile, safari hii mkiangalia chini. Mtoto anazunguka peku juu ya saruji iliyolowa. Sakafu ya baleti hujengwa kwa mbao zinazonesa, zenye nafasi chini yake, ili mwili unapotua kutoka hewani mbao zipokee sehemu ya kishindo. Saruji haipokei kitu. Hurudisha kishindo chote kwenye muundi, goti na mgongo. Dunia nzima ilipigia makofi ukosefu wa sakafu.

Pili: ukali si ufundi

Ukiwabana hapo, wanahamia kwenye tabia. Mlezi mzuri, wanasema, ni mkali. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Baleti ni nidhamu, na nidhamu haiji kwa kubembelezana.

Wanaoirudia hoja hii huamini kwamba wanaiga Ulaya. Basi waangalie Ulaya yenyewe imegundua nini katika nyumba zake. Mwaka 2019 gazeti moja la Vienna lilifichua yaliyokuwa yakitendeka katika chuo cha baleti cha Opera ya Taifa ya mji huo. Tume ikaundwa, na ripoti yake ya Desemba mwaka huohuo ikaeleza ufundishaji wa karne ya kumi na tisa na watoto walioshauriwa kuvuta sigara ili wasinenepe. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya shule ya taifa ya Berlin kuchunguzwa. Mwaka 2022 ikawa Zürich. Hizi si shule za uchochoroni. Ni majina makubwa yenye majengo, bajeti na vyeti, na kote huko kisingizio kilikuwa kilekile: tunawaandaa kwa kazi ngumu.

Mwili una hesabu zake zisizojali vitisho. Msichana anayekula kidogo kuliko anachotumia hukatika hedhi, na mifupa yake hudhoofika katika umri uleule iliopaswa kujiwekea akiba. Anavunjika nyufa ndogo ndogo za mguu zisizoonekana kwa macho, anaambiwa avumilie, anavumilia, na akifika miaka 19 kazi imekwisha kabla haijaanza. Mlezi mkali hatahesabiwa katika hasara hiyo. Atasema binti hakuwa na moyo wa kutosha.

Kuna kinyume cha ajabu hapa. Mtoto analelewa miaka kumi asijibu, asiulize, asilalamike maumivu. Kisha siku anapopewa mkataba tunategemea kwamba ghafla atajua kuomba siku ya mapumziko, kudai malipo ya mazoezi ya ziada na kukataa mkono wa mkurugenzi unapokwenda pasipostahili. Ujasiri huo ataupata wapi?

Tatu: hesabu isiyofanywa

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu, na nitakaa kidogo.

Tuanze na viatu. Mifupa ya miguu ikishakomaa vya kutosha, kwa kawaida si kabla ya miaka 11 au 12, msichana huanza kuvaa viatu vya kusimamia ncha za vidole. Wengi hudhani ndani mna mbao au chuma. Hamna. Ni karatasi, kitambaa cha gunia na gundi, vilivyobandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka vikawa kikombe kigumu cha kushika vidole. Juu yake satini, chini soli ya ngozi. Mvaaji hushona utepe mwenyewe, huikunja soli kwa mikono, huvigonga viatu ukutani visije vikapiga kelele jukwaani. Kisha jasho hulainisha gundi, na kiatu kinakufa. Mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Uingereza jozi huanzia kama pauni 50, na hizo ni zaidi ya shilingi 8,000 za Kenya kabla ya kusafirisha na kulipa ushuru. Kampuni kubwa huwapa wachezaji wake viatu kwa kuwa ni vifaa vya kazi. Mwanafunzi hupewa na nani? Wapo wanaosema mitumba itatosha. Kiatu kilicholainika hakishiki mguu, na kila kiatu hujikunja kufuata nyayo za aliyekivaa kwanza. Anayekirithi anabebwa na vidole vyake tu.

Na rangi yake? Waridi iliyofifia, iliyochaguliwa ili ifanane na ngozi ya Mzungu na kuurefusha mstari wa mguu machoni pa mtazamaji. Arthur Mitchell, mwanzilishi wa Dance Theatre of Harlem, aliamua katika miaka ya 1970 kwamba wachezaji wake watavaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi zao, na vikatiwa rangi. Kiwanda cha Freed cha London kilianza kutengeneza viatu vya kahawia, kwa kushirikiana na kampuni ya Ballet Black, mwaka 2018. Kabla ya hapo wanawake weusi walikuwa wakinunua poda ya uso na kuvipaka viatu jozi baada ya jozi, usiku, kwa pesa zao. Mlezi anayemwambia binti wa Kibera kwamba dunia ya baleti inamsubiri amweleze na hilo.

Viatu ni kodi ndogo. Kodi kubwa hulipwa na familia. Sergei Polunin alizaliwa Kherson, Ukraine, na ili alipiwe masomo ya baleti Kyiv, baba yake alikwenda kufanya kazi Ureno na bibi yake Ugiriki. Mwaka 2003 akapata nafasi London. Mwaka 2010 akawa mchezaji mkuu kijana kuliko wote katika historia ya Royal Ballet. Januari 2012, akiwa na miaka 22, aliacha kazi na kuondoka. Wazazi wake walikuwa wameshaachana. Huyo ndiye aliyefanikiwa, katika nchi yenye shule za baleti za serikali. Sisi tunamwomba mama anayefua nguo za watu Kilimani atoe sadaka hiyohiyo, na tunaliita jambo hilo matumaini.

Sasa ajira. Opera ya Paris, mojawapo ya kampuni kubwa kuliko zote duniani, ina wacheza baleti wapatao 150, na nafasi hufunguka tu mtu anapostaafu, kuumia au kuondoka. Kila mwaka shule za mabara yote humwaga wahitimu mlango mmoja. Hiyo ndiyo foleni. Anayemlea mtoto kwa ajili ya foleni hii bila kumwonyesha urefu wake hamlei.

Na mlangoni kuna mitego inayohitaji kusomewa kwa sauti. Marekani kampuni nyingi zina daraja la wanagenzi. Jina zuri. Kijana anacheza katika kundi la nyuma kwenye maonyesho yanayouzwa tiketi, na badala ya kulipwa, mara nyingi yeye ndiye anayelipa ada. Mzazi wa huku akisikia mwanawe “amechukuliwa na kampuni ya Marekani” anachinja mbuzi, kumbe amepata mahali pengine pa kulipia.

Ujerumani, ambako ajira za baleti ni nyingi kuliko kwingi kwa kuwa miji inaendesha majumba yake ya maonyesho, mikataba mingi ni ya msimu mmoja. Hujirudia yenyewe, isipokuwa uongozi ukutaarifu kufikia Oktoba 31 kwamba msimu ujao hutakuwepo. Mkurugenzi mpya akija na watu wake, barua hizo hutoka kwa mafungu. Kijana wa Nairobi ambaye kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye kazi hiyo anahitaji kuijua tarehe hiyo kama anavyoijua siku yake ya kuzaliwa. Nimesikia walezi wakizungumza saa nzima juu ya ndoto, nidhamu na kujiamini. Oktoba 31 sijaisikia hata mara moja.

Turudi nyumbani. Hakuna serikali ya Afrika Mashariki inayolipa mishahara ya kampuni ya baleti. Dance Centre Kenya huonyesha The Nutcracker wakati wa Desemba katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, ukumbi unajaa, watu wanasimama kupiga makofi. Kisha inaingia Njaanuari. Mhitimu wetu ana njia tatu: aende ng'ambo, afundishe, au abadili kazi.

Ya pili ndiyo iliyo wazi zaidi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kufundisha watoto baleti Lavington na Karen ni kazi halali inayoweza kulipa kodi ya nyumba, na anayeifanya vizuri anahitaji cheti, kujua mwili wa mtoto, kujua kutoza ada na kutunza hesabu. Cheti hicho kipo; hutolewa na Royal Academy of Dance ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920. Lakini mwambie kijana kwamba ataishia kuwa mwalimu uone anavyonywea, kwa sababu mlezi wake amemfundisha kwamba mwalimu ni yule aliyeshindwa. Na mlezi huyo anayesema hivyo anakula kwa kazi gani?

Nne: kufika si kufika

Wengine watasema sawa, njia ni nyembamba, lakini anayepenya amepona. Chloé Lopes Gomes, Mfaransa, alipenya. Mwaka 2018 aliingia Staatsballett ya Berlin, mwanamke wa kwanza mweusi katika kampuni hiyo. Mwaka 2020 alieleza hadharani kwamba aliambiwa ajipake rangi nyeupe ili afanane na wenzake katika Swan Lake, na kwamba malalamiko yake hayakumletea nafuu. Barua ya kutoendelezwa mkataba ilikuwa imeshamfikia. Alikwenda mahakamani, na 2021 wakafikia mapatano: akalipwa fidia na mkataba ukarefushwa. Kilichomsaidia ni wakili na waandishi wa habari. Mazoezi ya mguu aliyoyafanya tangu utotoni hayakuwa na msaada wowote hapo.

Hata nyumba inayojengwa na weusi wenyewe haisimami kwa mapenzi matupu. Dance Theatre of Harlem, ambayo Mitchell aliianzisha mwaka 1969 pamoja na Karel Shook, ilisimamisha kampuni yake mwaka 2004 kwa sababu ya madeni, na ikarudi jukwaani 2012. Kwa miaka minane mtoto mweusi wa Marekani aliyeambiwa “wapo wanaokufanania” alikuta mlango umefungwa. Mitchell alikuwa mlezi wa kizazi kizima. Deni halikumwonea haya.

Tano: kitakachofuata saa kumi jioni

Kazi hii huisha mapema. Wengi huiacha katika miaka ya thelathini, umri ambao daktari wa upasuaji ndiyo kwanza ameanza kupata jina. Wafaransa walilijua hili zamani. Wachezaji wa Opera ya Paris hustaafu wakiwa na miaka 42, kwa mfuko wa pensheni ambao chimbuko lake ni mwaka 1698, enzi za Louis wa Kumi na Nne. Serikali ilipotaka kuugusa, wachezaji waligoma, na tarehe 24 Desemba 2019 wakatoka nje na kucheza Swan Lake barazani mwa Palais Garnier, kwenye baridi, miguu ile ya thamani ikikanyaga zulia lililotandikwa juu ya mawe. Hao ndio watu ambao walezi wetu huwasifu kwa usanii wao. Wenyewe walikuwa wakipigania uzee wao. Uholanzi kuna mfuko ambao mwajiri na mchezaji huuchangia pamoja ili mchezaji akistaafu apate kusomea kazi nyingine.

Sisi tuna nini? Tuna walezi wanaofurahi mtoto akiacha shule “ajikite kwenye kipaji”. Mtoto asiye na cheti cha kidato cha nne, mwenye goti bovu na miaka 24, hana mfuko wa Louis. Anayemlea mcheza baleti na kumwachia masomo yalegee amemchukulia mkopo mtu asiyejua atalipa lini.

Sita, kwa ufupi: njia si moja

Kauli hii ina mkia: kwamba baleti ndiyo kilele na ngoma nyingine ni vibanda vya njiani. Dada Masilo wa Soweto alijifunza baleti, akasoma Brussels, kisha akaitengeneza Swan Lake yake mwenyewe, peku, kwa miguu ya Kiafrika, akaizungusha duniani mpaka kifo chake Desemba 2024. Kazi ilikuwa yake, na yeye ndiye aliyeajiri wachezaji. Wangapi hapa wanalelewa wawe watunzi na waajiri, badala ya kuwa mtu wa safu ya nyuma katika nyumba ya mwingine?

Na jambo moja la pembeni. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Sijaona msururu wa wapiga picha Kakamega. Mtoto mweusi akicheza cha kwao haajabiwi. Akisimama kwa ncha ya kidole kwenye sakafu ya udongo, ndege zinatua. Anayetaka kujua miradi hii inamlisha nani kwanza aanzie hapo.

Najua jibu litakalorudi: unawavunja watoto moyo. Mtoto aliyekwisha kulala njaa akaamka akaenda mazoezini havunjwi moyo na tarakimu. Anayezikwepa ni mtu mzima, kwa kuwa akizitaja mchango unapungua. Na wapo walimu, Nairobi na kwingineko, wanaozitaja. Hao ugomvi huu hauwahusu, na kwa kawaida ndio wasiojulikana.

Kwa hiyo wewe mfadhili, na wewe mzazi unayeombwa kutia sahihi, kabla ya hundi na kabla ya picha uliza mambo haya na udai jibu la maandishi. Waliopita mikononi mwenu tangu mwanzo ni wangapi, na leo kila mmoja anakula wapi? Sakafu imejengwa kwa nini? Mtoto akiumia analipiwa na nani, na kwa muda gani? Anarudi shuleni saa ngapi? Picha zake zinapoleta fedha, fungu lake ni lipi? Nani atausoma mkataba wake wa kwanza kabla hajautia sahihi? Asiyeweza kujibu mpelekee fundi wa sakafu kwanza. Kamera ikae mfukoni.